Alumini Haikwambii Ikiiva

Pikipiki yetu ilianguka Mei 2024, siku chache baada ya ziwa kufungwa. Kijana wa marehemu dada yangu alikuwa anashuka nayo Kibirizi, mvua za mwisho zimeichimba barabara, tairi la mbele likateleza na ubavu wa kulia ukapiga jiwe. Yeye alichubuka kiwiko tu, tunamshukuru Mungu. Kilichoumia ni kava la klachi. Ufa ulianzia jirani na tundu la bolti ukashuka chini, urefu wa kidole cha shahada, na oili ikawa inadondokea kwenye ekzosi na kufuka moshi.

Kwa asiyekaa huku Kigoma: mwaka ule uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mimi ni muuza dagaa. Ziwa likifungwa, na mimi nimefungwa. Hesabu yote ya nyumba ilikuwa imeegemea pikipiki ile, na sasa ilikuwa imesimama uani chini ya mwembe, na kopo la kukingia oili limewekwa chini yake.

Madukani Mwanga waliniambia kava la aina ile halipo, mpaka liagizwe Dar. Fundi wa kwanza alipaka gundi ya chuma, ile ya kuchanganya kutoka mirija miwili. Ilidumu siku nne. Injini ilipata moto ikapoa, ikapata moto ikapoa, gundi ikabanduka kama gamba la kidonda. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kuuziba ule ufa mwenyewe kwa moto.

Sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Baba yangu alikuwa fundi bati hapa Ujiji. Alitengeneza koroboi, ndoo, mabirika na faneli za kumiminia mafuta ya taa, na mimi, binti yake wa tatu, ndiye niliyekuwa nikimpepelea mkaa. Nilijua kulehemu kabla sijajua kusuka nywele. Bati unalisugua, unalipaka asidi iliyokwisha kupozwa makali (baba alikuwa anatumbukiza humo vipande vya zinki mpaka iache kuchemka), kisha unagusisha chuma cha moto na lehemu, nayo inakimbilia kwenye mshono kama maji yaliyopata mfereji. Nikadhani alumini nayo ni bati lenye sura nyingine tu.

Nikachukua mpini wa sufuria iliyokufa, nikausugua ukang'aa, nikapaka asidi, nikaweka lehemu. Ikajiviringisha vidonge vidonge na kubingirika kama maji juu ya jani la gimbi. Nikasugua tena, nikapaka tena, nikaongeza moto. Vidonge vilevile. Jua lilizama upande wa Kongo nami bado nimechuchumaa pale uani, macho yanawasha kwa mvuke wa asidi, na hakuna hata tone moja lililoshika.

Sababu yake niliielewa baadaye, na nikisha kuielewa kila kitu kingine kilikaa sawa. Alumini ina ngozi. Ukiikwangua na kuona inang'aa, unachokiona ni ngozi mpya iliyokwisha kuzaliwa kabla hujapepesa jicho, maana alumini ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi papo hapo. Utando huo ni mwembamba mno, jicho haliuoni, lakini ni wa mali ileile inayofanya yakuti, haya mawe wanayochimba Tunduru na Longido. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi. Utando wake unahitaji zaidi ya 2,000. Kwa hiyo unaweza kuyeyusha kitu chote kikawa uji ndani na ngozi bado imesimama nje kama mfuko. Huo ndio utando unaofanya sufuria isile kutu miaka nenda rudi, na ndio huohuo unaomkatalia fundi.

Nikamkumbuka baba na ujanja wake mmoja. Alipotaka kuunga waya wa alumini alidondoshea oili nzito mahali pale, akakwangua kwa ncha ya kisu ndani ya oili hiyohiyo, kisha akalehemu bila kuifuta. Hewa isipofika, utando hauzaliwi. Alipenda kulieleza jambo hilo kwa habari ya meli ya Liemba, ambayo mtoto wa Kigoma anaipata pamoja na maziwa ya mama. Wajerumani waliijenga kule Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande mpaka kufika hapa kwa reli. Julai 1916, vita vilipowaelemea, wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza mainjinia wakazipaka injini zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na 1927 meli ikarudi kazini. "Hewa ndiyo mwizi wa chuma," alikuwa akisema. Miaka yote nilidhani anatupigia hadithi za zamani.

Nikajaribu njia ya oili kwenye ule mpini. Ikashika! Niliruka pale uani kama mtoto. Ila lehemu ya kawaida inayeyuka mapema, na ukiunganisha alumini na bati la lehemu kisha unyevu ukaingia, mshono unaanza kuliwa. Kwa waya wa redio sawa. Kwa kava linalotikisika juu ya injini kutwa nzima, hapana.

Binamu yangu anafanya kazi eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Nilimweleza shida yangu kwa simu, naye akanitumia kwa basi rodi kumi za kulehemu alumini, za mchanganyiko wa zinki na alumini, zisizo na dawa ndani. Karatasi yake inasema zinayeyuka karibu nyuzi 390. Akaweka na tochi ya gesi ya mkononi, ile ndogo inayofungwa juu ya kopo, na brashi ya waya wa stenlesi. Brashi hiyo aliniapisha nisiiguse na chuma cha kawaida hata mara moja, kwa sababu inabeba vumbi la chuma na kulipaka kwenye alumini. Niliifunga utepe mwekundu nikaitundika peke yake.

Nilianza mazoezi na mfuniko wa sufuria uliochakaa. Baba alinifundisha kusoma joto kwa rangi: chuma kikipashwa kinakuwa kama zambarau, kisha damu ya mzee, kisha chungwa, na kila rangi ina kazi yake. Basi nikaelekeza moto kwenye mfuniko nikasubiri rangi. Haikuja. Alumini ilibaki nyeupe vilevile, nikaona moto haujatosha, nikasogeza karibu. Uso ukang'aa kidogo kama mtu aliyetoka kujipaka mafuta. Ukakunjamana. Kisha, kufumba na kufumbua, kipande kikubwa kama sarafu ya mia mbili kikadondoka chini, pu, kikaacha tundu ambalo ningeweza kuchungulia uani kwa jirani.

Niliyeyusha mifuniko mitatu kwa namna hiyo kabla sijakubali kwamba macho hayatanisaidia. Mchana, alumini inayeyuka kabla hujaona wekundu wowote. Ikiwa baridi, ikiwa tayari kwa rodi, ikiwa imebakiza pumzi mbili iwe uji, sura ni ileile. Na mkononi ni hivyohivyo: nina kovu kwenye kiganja cha kushoto la kipande nilichokiokota nikidhani kimepoa. Tangu siku hiyo kila kilichotoka motoni nakiandika kwa chaki herufi moja tu, M, na watoto wa nyumba hii wanajua M ni marufuku.

Kilichonitoa gizani ni sabuni. Fundi mmoja mzee, aliyekuwa akinyoosha mabodi ya magari, aliniambia wao walikuwa wanapaka sabuni juu ya alumini kabla ya kuipasha. Hapa kwetu sabuni ya mawese si kitu cha kutafuta. Nikakata kipande, nikakikwaruza kwenye alumini kavu upande wa pili wa mahali ninapochoma, nikaleta moto taratibu. Mstari wa sabuni ukawa manjano, ukawa kahawia, ukaishia mweusi wa masizi. Ukifika weusi huo uko jirani kabisa na joto la rodi. Hapo unaondoa moto kidogo na kugusisha ncha ya rodi kwenye alumini, siyo kwenye moto. Ikinata na kuyeyuka kwa joto la alumini yenyewe, umefika. Isipoyeyuka, rudisha moto, hesabu mpaka kumi, jaribu tena. Ukiyeyusha rodi kwa ulimi wa moto, itadondoka juu ya alumini ambayo bado ni baridi na kukaa pale kama nta ya mshumaa juu ya meza. Kesho yake unaibandua kwa kucha.

Hata joto likiwa sawa, bado kuna ule utando. Mara ya kwanza rodi ilipoyeyuka vizuri, ilifanya kidimbwi cha fedha kizuri mno, nikafurahi, nikakiacha kipoe. Kikabanduka chote. Kilikuwa kimelala juu ya ngozi tu.

Nikachukua kijiko cha stenlesi, nikanoa mpini wake kwenye jiwe ukawa na ncha. Nikapasha tena, nikatengeneza kidimbwi, na safari hii nikazamisha ile ncha mpaka chini na kukwangua alumini iliyo chini ya ule umajimaji, mwendo mfupi mfupi, kama unayekuna nazi. Hapo chini hewa haipo. Ngozi ikichanika haiwezi kuzaliwa upya, na umajimaji unaingia palepale. Mkononi nilisikia ukwaru, kama kupitisha kisu juu ya mchanga laini, halafu ukwaru ukaisha. Kidimbwi, ambacho kilikuwa kimevimba mabega kama tone juu ya jani, kikalala. Kilitandaa chenyewe kuelekea kila mahali nilipokuwa nimekwangua na kikakomea palepale nilipoishia, kama wino kwenye karatasi. Sikupumua. Kilipopoa nikaweka mfuniko kwenye jiwe na kupiga nyundo. Alumini ikakunjika, mshono haukuachia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, namwambia tochi ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kukwangua, na moto upo ili kukwangua kuwezekane.

Niseme na hili la moshi, kwa sababu lilinitisha. Siku za mwanzo nilifanyia kazi jikoni, madirisha yamefungwa upepo wa ziwani usizime moto, na chini niliweka kipande cha bati la kuezekea kama sinia. Bati lile lina zinki, na rodi nazo zina zinki, na mimi nilikuwa naunguza vyote bila kujua. Ulitoka moshi mweupe mwepesi, mdomoni nikawa na ladha tamutamu kama nimelamba sarafu. Usiku nikashikwa na homa. Baridi, meno yanagongana, viungo vyote vinauma. Sote tukasema malaria, kama ilivyo ada. Asubuhi nikaenda kupimwa: hakuna malaria. Mchana homa ikaondoka kama ilivyokuja. Daktari kijana aliponiuliza nilikuwa nafanya nini jana yake, akaniambia ni moshi wa zinki, wachomeleaji wanaufahamu sana. Wengi wanaamini maziwa ndiyo dawa yake. Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Dawa ni kufanyia kazi nje, upepo ukupitie mgongoni, kutounguza bati la zinki, na moto usielekezwe kwenye rodi. Nilihamia chini ya mwembe nikaweka tofali badala ya bati, na homa ile haikurudi tena.

Habari zilienea mtaani kabla hata sijaligusa kava. Shemeji yangu, mvuvi wa Katonga, hakuwa na kazi ziwa likiwa limefungwa, akawa anashinda pale uani akinitazama. Siku moja akaja na kibano kinachoshikilia mashine ya boti kwenye tezi, kimepasuka shingoni.

"Shemeji, nizibie na hiki kabla ziwa halijafunguliwa."

"Hiki siwezi."

"Mfuniko umeuweza, hiki utashindwaje?"

Nikamwekea kitako. Kibano kile kinabeba uzito wa mashine na msukumo wake wote, na kinatikiswa na mawimbi usiku kucha. Alumini nyingi za namna hiyo zimepewa ugumu kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa mpango; ukizirudisha kwenye nyuzi mia nne zinalegea pembeni mwa mshono, hata kama mshono wenyewe umeshika. Ziwa letu, penye kina kirefu, lina mita 1,470. Mashine ikichomoka kule hakuna wa kuitafuta, na mtu aliye ndani ya boti usiku wa upepo wa kusi ni mume wa mdogo wangu. Akapeleka kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, akalipa pesa nyingi, akaninunia siku mbili. Niko tayari kununiwa.

Jirani naye akaja na sufuria ya wali yenye tundu. Nikakataa. Zinki ikikutana na nyanya au limau inayeyuka kwenye chakula, na sufuria tupu ikisahaulika juu ya mkaa inafika joto la rodi bila shida, kiraka kinadondoka motoni. Nikampeleka kwa fundi anayegonga ribiti za alumini. Aliipata sufuria yake jioni ileile.

Sasa kava. Kwanza nilihakikisha ni alumini kweli, maana kava nyingine ni za magnesi, na magnesi ikipata moto inaweza kuwaka. Nikakwangua kwa tupa mahali pasipoonekana nikadondoshea siki. Magnesi inatoa povu. Hili lilinyamaza.

Kulisafisha kulinichukua siku mbili. Kava la injini limemiminwa, lina vinyweleo, na kwa miaka limekunywa oili kama chapati inavyokunywa mafuta. Nililichemsha kwa sabuni ya unga mara tatu. Nikaona limetakata, nikalipasha kidogo, na ule ufa ukatoa jasho jeusi. Nikafuta, nikapasha, likatoka jingine. Mara ya tano kitambaa kikabaki cheupe. Kuna mtu alinishauri nioshee petroli iwe rahisi. Petroli na tochi sikai navyo ua mmoja.

Kisha nikatoboa tundu dogo mwisho wa ufa, kwa drili ya mkono, nyoka asiendelee kutambaa. Ufa ukikutana na duara unakosa ncha ya kupasulia. Nikauchimba kwa tupa ya pembe tatu ukawa kama mfereji, rodi ipate pa kukaa, na nikaupiga brashi yenye utepe mwekundu dakika zilezile nilizokuwa tayari kuwasha.

Hapa tochi yangu ikaniangusha. Alumini inapitisha joto karibu mara tatu ya chuma, na kava ni nene, si mfuniko wa sufuria. Kila joto nililotia mahali pamoja lilitawanyika kava zima. Dakika kumi na tano nachoma, sabuni haijafika hata kahawia, na kopo la gesi limekuwa baridi mkononi, lina umande, ulimi wa moto unafifia. Nikiliinamisha sana linatema moto wa manjano unaoruka. Nikazima.

Jiko la mkaa ndilo lililonitoa. Niliwasha mkaa, nikauacha uwe makaa mekundu yasiyo na ndimi, nikaweka juu yake wavu wa kuchomea samaki na kava juu ya wavu. Sikupepea, maana mkaa uliopepewa unayeyusha alumini na hasa hii ya kumiminwa, ambayo ina silikoni ndani na inaanza kulegea mapema kuliko ile safi. Jiko likabeba kava zima mpaka sabuni ikawa manjano kote. Tochi ikamalizia ile sehemu ya ufa peke yake. Sabuni ikawa nyeusi. Rodi ikanata, ikayeyuka.

Kijana alikuwa ananishikia kava kwa koleo, hasemi kitu. Nilianza kwenye lile tundu la mwisho wa ufa nikapanda juu, kidimbwi mbele, ncha ya kijiko ndani yake. Kila baada ya upana wa ukucha nilingoja kidimbwi kilale ndipo nisogee. Mahali pamoja, karibu na tundu la bolti, kilikataa kulala. Kilifanya kipovu cheusi, oili iliyokuwa imejificha. Nilikifuta kwa brashi kikiwa bado cha moto, nikakwangua mpaka mkono ukatetemeka, nikarudia. Kikalala. Nikageuza kava nikaupitia ufa upande wa ndani pia.

Sikulimwagia maji. Nililiacha juu ya jiko mkaa ukizimika wenyewe, nikaandika M kubwa pembeni, nikaenda kuswali.

Asubuhi nililaza uso wake kwenye kioo cha dirisha. Lilicheza upande mmoja, unene wa ukucha; joto lilikuwa limelivuta. Nikaweka msasa juu ya kioo, nikalizungusha kwa mkono mwepesi, nusu siku nzima, mpaka likalala bila kutikisika. Tundu la bolti nalo lilikuwa limepata tone la rodi, nikalisafisha kwa drili.

Kupima kama linavuja nilifanya kama baba alivyopima ndoo zake. Nikapaka chaki upande wa nje juu ya mshono wote, ikawa nyeupe kama unga. Nikaegesha kava kwa matofali, nikamimina mafuta ya taa upande wa ndani yaufunike mshono. Mafuta ya taa yanapita mahali ambapo maji na oili vinashindwa, na chaki haifichi kitu. Nikaliacha usiku kucha.

Alfajiri nikaenda na simu kumulika. Chaki ilikuwa nyeupe, isipokuwa doa moja dogo kama punje ya ulezi, palepale jirani na bolti palipokuwa na kile kipovu. Nilikaa chini nikalitazama. Kijana akatoka akipiga miayo, akainama, akaliona.

"Mama mdogo, si dogo tu hilo? Oili ni nzito, haitapita."

"Lete mkaa," nikamwambia.

Tukarudia yote: kuchemsha, kutoa jasho, brashi, jiko, sabuni, kijiko. Safari hii nilichimba palepale kwenye doa mpaka nikapata alumini isiyo na weusi hata kidogo, na kidimbwi kililala mara moja, bila kubembelezwa. Chaki tena, mafuta ya taa tena, usiku mwingine. Kulipokucha ilikuwa nyeupe tupu.

Kijana akafunga kava kwa gasketi mpya, akakaza bolti kwa kuvukisha, huku na kule, asilibane upande mmoja. Akamimina oili, akawasha. Nikamwambia asiende Mwandiga wala Kibirizi, azunguke Ujiji tu, ashuke mpaka ufukweni, apande, arudi. Alirudi injini ikiwa ya moto kabisa. Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikapitisha kitambaa cheupe chini ya kava, kwenye mshono, kuzunguka bolti, na chini kabisa pale ambapo tone lilikuwa likijikusanya. Nikakileta kwenye mwanga. Kilikuwa na vumbi la Ujiji, jekundu, na hakuna kingine.